Nembo Niliyoiokota Uani kwa Baba Mkwe

Nembo ya kwanza aliyonichorea fundi ilikuwa nyuki anayecheka. Tena alikuwa na meno. Nimezaliwa Ihumwa, nimeolewa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, na nimeumwa na nyuki mara ambazo ukiziandika zinajaza daftari la kurasa mia, lakini jino la nyuki sijawahi kuliona. Huyu alikuwa nayo thelathini na mawili, meupe, kama mgombea udiwani kwenye bango.

"Fundi," nikamwambia, "huyu anauza dawa ya meno."

"Wateja wanapenda uso, mdogo wangu," akajibu bila kugeuka. "Kitu kikiwa na uso kinapendwa."

Fundi alikuwa mtu mzima, mchora mabango wa zamani. Nusu ya kuta za maduka ya mtaani kwetu zilipita chini ya brashi yake kabla hajanunua kompyuta na mashine ya kuchapa stika. Hata sasa alishika kile kipanya cha kompyuta kama brashi, kidole cha mwisho kikiwa juu, asije akaharibu rangi mbichi. Nilimpenda kwa hilo. Ila siku hiyo sikuwa na muda wa kupenda watu. Ilikuwa Jumanne, na mama mwenye duka kubwa kule mjini alikuwa ameniambia wazi: "Asali yako nzuri, lakini chupa zako zinafanana na za mganga. Jumatatu zije na nembo inayoeleweka. Zisipokuja, rafu nampa mwenye siagi ya karanga."

Nilikuwa nabandika vipande vya karatasi nilivyoviandika kwa mkono. Mwandiko wangu ni mzuri, cheti cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na mwalimu wetu wa biashara alisema darasani kwamba angeweza kunitambua kwa herufi "g" tu. Lakini kwenye rafu, katikati ya chupa za watu zenye rangi na kung'aa, karatasi zangu zilionekana kama zimepotea njia.

Fundi akafungua ya pili. Herufi tupu: jina la asali, basi. Nikasema inafanana na mlango wa ofisi ambayo ukifika unaambiwa rudi kesho. Akafungua ya tatu. Hii ilikuwa duara kama muhuri, na ndani ya duara alikuwamo nyuki, ua, jua, mlima na kikombe. Nikasema hapo amebakiza kunichora mimi na mume wangu tu. Akanuna. Mtu akishachora mabango miaka yote hiyo hazoei kuambiwa.

Hapa inabidi nieleze asali yenyewe ilikotoka, kwa sababu kila kilichotokea baadaye kimetokea kwa sababu hiyo. Baba mkwe wangu anaishi kijiji kimoja upande wa Chemba, kabla hujafika Kolo. Ni mrina asali, kama baba yake. Wazee tisa wa pale, yeye akiwamo, hutundika mizinga porini, na wakisharina kila mmoja huleta ndoo yake uani kwake. Ndoo zote humiminwa kwenye pipa moja. Kila mzee anasema ameleta ngapi, baba mkwe anasikia, basi. Hakuna anayesimamia wala anayeandika. Na nikienda kununua, nachukua kutoka pipa lile. Biashara yangu yote, mimi na elimu yangu ya jioni, ilikuwa imesimama juu ya kitu hicho kimoja: kwamba hakuna mtu aliyewahi kusema baba mkwe amegusa kisicho chake. Siku atakaposemwa, pipa litakauka, na yeye hataweza kukaa kijijini pale na uso wake.

Sasa turudi kwa fundi. Ili nimtulize, nikatoa simu nimwonyeshe picha za kule, aone asali inavyochujwa, pengine apate wazo. Nikawa nazipitisha kwa kidole. Ghafla akanishika mkono.

"Rudi nyuma. Hii nani kachora?"

Ilikuwa picha ya mzinga wa gogo uliokuwa umeegemezwa kwenye ukuta wa zizi la mbuzi, uani kwa baba mkwe. Kwenye ubavu wake palikuwa na alama iliyochongwa kwa kisu: mkato mrefu uliogawanyika juu kama panda ya manati, na vikato viwili vifupi kando ya shina. Nilikuwa nimeupiga picha kwa ajili ya yule kuku aliyekaa juu yake.

"Ni alama tu," nikasema. "Mizinga yao yote ina vialama."

"Alama tu!" Fundi akasimama. "Hii imezaliwa nembo. Unaweza kuichora mchangani kwa kidole cha mguu na mtoto akaijua. Mimi nimetafuta mchoro kama huu maisha yangu yote, kumbe uko kwenye zizi la mbuzi!"

Akaichora pale pale, kwa mstari mweusi mnene, jina la asali chini yake. Jamani. Nilipoiona kwenye kioo cha kompyuta nywele zilinisimama mpaka kilemba kikapanda. Ilikuwa nzito, ya kale, na bado mpya. Nyuki mwenye meno alionekana kama masihara ya walevi. Nikamwambia chapa. Akachapa rola nzima, kwa gundi ambayo aliapa kwamba chupa itaoza kabla stika haijabanduka.

Jioni nikamwonyesha mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, aliletwa mjini kwa shangazi yake akiwa na miaka saba, kwa hiyo mambo ya mizinga anayajua kama mimi ninavyojua mambo ya meli. Aliitazama muda mrefu.

"Baba ameiona?"

"Ni mzinga wake. Namfanyia zawadi."

"Mwonyeshe kwanza."

"Zawadi haionyeshwi kwanza, baba watoto."

"Mwonyeshe peke yake," akasema tena, na hakusema zaidi. Mume wangu akisema kitu mara mbili ujue amekisema mara kumi. Nikamsikia. Halafu nikabandika chupa kumi na mbili.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumimina. Nilifika na kikapu changu kichwani. Kule Kolo watu huenda kutazama michoro ya miambani. Mimi nikajiambia mchoro wa mwaka huu uko kichwani kwangu, waje wautazame. Nilikuwa na furaha ya kugawia tarafa nzima.

Uani wazee walikuwa wameshakaa kwenye vigoda, ndoo mbele ya magoti, vifuniko bado vimefungwa. Nikapiga goti, nikawaamkia wote. "Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mkwe. Huko Dodoma mmelima?"

"Tumelima vumbi, baba, na limestawi."

Wakacheka. Nikatoa chupa, nikampa kila mmoja yake, nikarudi nyuma nisikie sifa.

Chupa zikazungushwa mikononi. Kicheko kikaisha, si mara moja, kilikwenda kikizimika mzee mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyofikia upande wenye nembo. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mwenye kofia nyekundu ya sufu, ambaye haivui hata kwenye jua la Oktoba. Alipitisha kidole gumba juu ya stika, polepole, kama anayetaka kujua imechongwa au imepakwa.

"Mkwe," akasema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "asali hii ya nani?"

"Yetu sote, baba."

"Yetu sote. Na hii?" Kidole kilikuwa juu ya alama.

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Hiyo ndiyo nembo, baba. Nimeitoa kwenye mzinga wa baba, ule pale." Na nikanyoosha mkono kabisa, kidole kikaelekea zizini.

Wazee wote wakageuka kutazama mzinga. Mmoja tu hakugeuka. Baba mkwe alikuwa anatazama ardhi katikati ya miguu yake.

Hapo wakahamia lugha yao, ile ya kugonga ulimi. Mimi ni Mgogo, najua Kigogo na Kiswahili na Kiingereza cha kufaulia mtihani, lakini lugha ile naijua salamu tu, tena nikizitamka najiuma ulimi. Nilisikia migongo ya ndimi ikipasuka kama kuni mbichi motoni. Sikuelewa neno. Nilielewa mikono. Mikono ilikuwa inashika vishikio vya ndoo.

Mzee aliyekuwa karibu yangu, mpole, ndiye aliyenihurumia. Akaniinamia.

"Mkwe, ule mzinga si wa baba yako."

"Uko kwake, baba."

"Uko kwake. Alama si yake." Akaonyesha kwa kidevu ile kofia nyekundu. "Ni ya yule."

Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, na kila neno lilinishusha chini shubiri moja. Mzinga porini hauna mlinzi. Unatundikwa kwenye mgunga au mninga, mwenyewe anakwenda nyumbani, anakaa miezi. Kinachoulinda ni alama. Ukirina mzinga wenye alama isiyo yako, wewe ni mwizi, na wanao wataambiwa kwamba baba yao ni mwizi, na wajukuu vilevile. Asali inakwenda na alama. Na mimi nilikuwa nimechukua asali ya wazee tisa nikaitia alama ya mmoja. Kwa macho yao, ama wanane walikuwa wameibiwa, ama wanane walikuwa wameiba.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni mzinga wenyewe. Kabla sijaolewa, moto wa pori uliteketeza mizinga ya baba mkwe yote. Rafiki yake wa kofia nyekundu akamwazima mmoja aanzie. Ukatundikwa, ukaleta nyuki, halafu siku ya kuushusha ukadondoka, ukapata ufa. Baba mkwe akaona aibu kurudisha mzinga wenye ufa. Akasema atauziba kwanza. Akasema atachonga mwingine. Miaka ikaenda. Mwenye mzinga hakuuliza, kwa sababu kumuuliza rafiki kitu kama hicho ni kumwita mwizi. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Mimi nimekuja na rola nzima ya stika, nimekitoa kimya chao, nimekichapa, na nimekionyesha kwa kidole.

Mzee wa kofia akasimama. Alisema kwa Kiswahili tena.

"Kwanza mzinga. Sasa alama. Mwakani atataka na boma langu."

Akainua ndoo yake. Wawili wengine wakainua zao. Ua lile lina lango moja la miiba, na niliona kabisa, kama nilivyoona somo ubaoni, kwamba ndoo zile zikishapita pale baba mkwe hatakuwa tena mtu wa kuachiwa pipa. Alikuwa bado ameinama. Hakujitetea. Angesema nini? Mzinga ulikuwa pale. Alama ilikuwa kwenye chupa kumi na mbili.

Mkwe hasemi kwenye kikao cha wakwe zake. Hilo nalijua tangu siku ya kufundwa. Na mimi siwezi kunyamaza hata muda wa kuchemsha yai. Nikaona nyayo za mzee zimekaribia lango. Nikajikuta nimepiga magoti yote mawili njiani mwake, kwenye mavi ya mbuzi.

"Baba, aliyechukua alama ni mimi."

"Wewe umetumwa."

"Sikutumwa. Baba hakuwahi kuiona hii chupa mpaka leo, ameiona pamoja na ninyi. Mume wangu aliniambia nimwonyeshe kwanza, nikakataa. Nilipiga picha kwa simu bila kuuliza. Sikuuliza mzinga wa nani wala alama ya nani. Niliona nzuri, nikachukua."

"Uliona nzuri ukachukua," akarudia.

"Ndiyo, baba."

"Sasa huyo si ndiye mwizi?" akauliza wenzake.

"Ndiye," nikajibu mimi.

Mmoja kule nyuma akapiga kelele: "Huyu mwizi ana haraka! Hata hajapigwa!" Watu wawili wakaguna kicheko. Mzee wa kofia hakucheka, lakini ndoo aliiweka chini. Nje ya lango au ndani, sikujua. Aliiweka pale pale kizingitini.

Wakanihukumu kwa dakika mbili. Mbuzi mmoja. Na alama ya mtu itoke kwenye vitu vyangu, yote, mbele yao, sasa.

Nikaletewa maji ya moto kwenye karai. Nimefanya mitihani migumu maishani. Hesabu za kidato cha nne zilinitoa machozi kama vitunguu. Lakini hakuna mtihani uliowahi kunitesa kama gundi ya fundi. Nilikwangua kwa kucha. Nilikwangua kwa kisu. Niliombea. Ile panda ya manati ilikuwa inabanduka uzi kwa uzi, na wazee tisa wamekaa wananitazama, ndoo zimefungwa. Chupa ya nne kucha ya gumba ikang'oka nusu. Hakuna aliyeniambia pole, na nilijua hawawezi kuniambia.

Nilikuwa kwenye chupa ya saba baba mkwe aliposimama. Alikwenda zizini, akamfukuza kuku, akainama, akauinua mzinga akauweka begani. Nyonga yake mbovu, kila mtu anajua. Hata ndoo ya maji hubebewa. Mzee mpole akanyanyuka kumsaidia, akamzuia kwa mkono. Akapita katikati ya vigoda, akaivuka ndoo ya pale kizingitini kwa shida kubwa, akashuka korongo kavu kuelekea nyumba ya rafiki yake. Tulimwona akishuka mpaka kikabaki kichwa cha mzinga tu. Kisha akapanda ng'ambo. Alisimama mara tatu. Mzee wa kofia alikuwa anamtazama na taya lake linatembea, kama anatafuna kitu kisichomezeka.

Aliporudi, shati limemgandia mgongoni, akakaa kigodani kwake.

"Ufa upo," akasema. "Nilitaka nikurudishie mzima."

"Ungeniletea na ufa wake," mwenzake akajibu.

Basi. Miaka yote ile, maneno yalikuwa hayo tu. Lakini ndoo zilikuwa bado zimefungwa, na ya kizingitini ilikuwa bado kizingitini. Nikamaliza chupa ya kumi na mbili. Mzee wa kofia akanigeukia.

"Mkwe. Alama yangu uliipenda?"

"Niliipenda sana, baba."

"Sasa niombe."

Nikaelewa alichokuwa ananipa. Alikuwa anafungua mkono mbele ya wote. Nikiomba, atanipa, na ile nembo, ile iliyonisimamisha nywele, itakuwa halali yangu, na Jumatatu nitaingia dukani kama malkia. Nikikataa, nimemtupia zawadi yake usoni siku ile ile niliyoonekana nimemwibia alama. Nikamtazama baba mkwe anisaidie. Naye alikuwa ananitazama mimi. Nikawatazama wengine. Mikono saba ilikuwa imetulia juu ya vifuniko saba.

"Baba," nikasema, "ukinipa nitashukuru mpaka kaburini. Lakini kwenye pipa mko tisa. Hawa wengine nitawaambia asali yao imekwenda wapi?"

Mzee mmoja akadakia: "Aweke yangu basi! Yangu nzuri kuliko hiyo."

"Yako ile? Ile ni nyayo ya kuku mgonjwa!"

"Bora kuku kuliko yako, kama mtu kajikuna!"

Kelele zikapanda, kila mmoja anachora yake vumbini kwa fimbo, na kwa muda mfupi pale uani palikuwa na nembo nane, na kusema kweli zote zilikuwa nzuri kuliko nyuki wa fundi. Lakini mzee wa kofia hakuchora. Alikuwa bado anasubiri.

"Kwa hiyo utaweka nini?"

"Herufi, baba. Jina la asali, basi."

"Herufi za nani?"

"Za shule. Hazina mwenyewe. Kila aliyejifunza ni zake."

"Bila mchoro?"

"Bila mchoro."

Ndiyo nembo iliyopo mpaka leo: herufi nene za kahawia, hazina hata nukta ya urembo, na fundi anapoziona hujifanya hakuzichora yeye. Rafu ile Jumatatu ilikwenda kwa siagi ya karanga. Nilikaa miezi naomba mpaka nikapewa nyingine, ya chini, karibu na sabuni. Lakini siku ile uani sikuwa nawaza rafu. Nilikuwa natazama kofia nyekundu.

Mzee alikwenda kizingitini, akainua ndoo yake, akarudi nayo mpaka kwenye pipa. Akafungua kifuniko. Baba mkwe akanyanyuka, akaja akashika mdomo wa pipa kwa mikono miwili lisiyumbe, na mwenzake akainamisha ndoo. Asali ya mwaka ule ilikuwa nzito. Ilichelewa sana kushuka, na wote wawili walisimama wameinama pale pamoja, vichwa karibu kugusana, wakiisubiri.